RUFAA HAINGOJI SIKU YA KIKAO

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kikundi chetu kutimiza miaka 10

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa pamoja na Wajumbe wako,
Ndugu wauguzi na wahudumu wa afya mliofika,
Ndugu majirani na wote mnaotuunga mkono,
Wanakikundi wenzetu, mama zetu, dada zetu na wadogo zetu,



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Miaka 10 siyo mchezo. Vikundi vingi vya huku Mbagala na Charambe tulivyoanza navyo vimeshakufa, vingine vilikufa hata kabla ya kugawana mara ya kwanza. Sisi bado tupo. Tulianza chini ya mwembe, kila mmoja na kigoda chake, na sanduku moja lenye kufuli tatu. Funguo zilikaa nyumba tatu na mpaka leo zinakaa nyumba tatu. Kwa hisa zile zile ndogo ndogo watu wamepaua nyumba, wamelipa ada za watoto, wameanzisha genge, wameuza mkaa, vitumbua, mihogo na samaki wa kukaanga. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipokuja, tulizunguka na makaratasi mpaka tukasajiliwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu mnakiona.

Mambo ya hesabu hatutayarudia hapa, maana Mweka Hazina ameyaandika kwenye kurasa nyingine za kitabu hiki. Leo tumeona tuzungumze jambo moja tu, nalo ni afya ya kinywa, koo na shingo, na barua ya rufaa ya kwenda kwa daktari bingwa. Wengine mtajiuliza, mama wa kikoba na saratani wapi na wapi? Tutawaeleza.

KWA NINI TUNASEMA HAYA

Ndugu wanachama, mwenzetu mmoja tuliyekaa naye tangu siku za mwembe hayupo leo. Jina lake tunaliacha, lakini familia yake imeturuhusu kusema habari yake ili iwafae wengine. Alikuwa anauza mihogo na kachumbari, mwepesi wa kucheka, na hakuwahi kuchelewesha rejesho hata mara moja.

Alianza na kidonda kidogo chini ya ulimi. Hakikuuma. Yeye alisema ni jino limechongoka linamkwaruza. Akasukutua maji ya chumvi, akapaka asali. Akaenda duka la dawa akapewa dawa ya kusukutua. Akaenda zahanati moja akapewa vidonge vya siku 5, kidonda kikabaki pale pale. Akarudi, akapewa vidonge vingine. Akarudi mara ya tatu, vilevile. Hakuna aliyemwambia afunue mdomo, ainue ulimi, amulikwe na tochi. Jirani mmoja akamshauri eti ni kimeo, akakatwe. Akaenda kwa fundi akakatwa kimeo, akatoka damu siku mbili, na kidonda cha chini ya ulimi kikabaki hapo hapo. Miezi ikapita.

Binti yake ndiye aliyemshika mkono akampeleka kwingine. Huko akakutana na mganga wa kituo aliyekuwa na tochi. Yule kijana alimwambia fungua mdomo, akainua ulimi, akavaa glovu akapapasa, kisha akapapasa shingo chini ya taya. Hakuandika kidonge hata kimoja. Aliandika barua ya rufaa, na juu yake akaandika HARAKA.

Sasa sikilizeni vizuri. Barua ile ilikaa chini ya godoro wiki 3. Nauli ya kwenda na kurudi hakuwa nayo, pesa ya kufungua faili hakuwa nayo, na zamu yake ya mkopo ilikuwa bado. Aliona haya kusema. Alipofika kwa bingwa, uvimbe ulikuwa umeshashuka shingoni. Alitibiwa, alipigana, lakini hakupona.

Siku ya msiba wake, mfuko wa jamii ulitoa rambirambi saa ile ile, kama katiba yetu inavyosema. Hakuna aliyengoja kikao. Funguo tatu zilikutana kabla ya adhuhuri.

Ndugu zetu, hapo ndipo penye hotuba yetu ya leo. Msiba haungoji siku ya kikao. Na rufaa nayo isingoje.

UGONJWA WENYEWE

Sisi wengi wetu tumeishia darasa la saba. Siyo madaktari wala hatujifanyi madaktari. Haya tunayosema tumeyauliza kwa wataalamu, tukayaandika kwenye daftari, tukawasomea wao tena ili tusipotoshe watu.

Saratani za kichwa na shingo ni jina la jumla. Ndani yake kuna saratani ya ulimi, ya midomo, ya fizi, ya mashavu kwa ndani, ya koo, ya kisanduku cha sauti, ya pua na nyuma ya pua, na ya tezi za mate. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi zinaanza bila maumivu. Mtu anangoja kiume ndipo aende hospitali, na kikiuma safari imeshakuwa ndefu.

Uzuri wake ni kwamba nyingi zinaonekana kwa macho, zinashikika kwa vidole au zinasikika kwa masikio. Kidonda cha mdomoni kinaonekana kwa tochi ya simu. Uvimbe wa shingo unaguswa. Sauti iliyobadilika kila mtu wa nyumbani anaisikia. Ikiwahiwa, mara nyingi tiba moja inaweza kutosha, upasuaji au mionzi. Ikichelewa, mgonjwa anahitaji upasuaji, mionzi na dawa za dripu vyote pamoja, na bado matumaini yanapungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

DALILI ZA KUKUMBUKA

Tumekubaliana na wataalamu tukumbuke namba moja tu: wiki 3. Kitu chochote katika hivi kikikaa zaidi ya wiki 3 bila sababu inayoeleweka, mtu asinunue tena dawa dukani, aende akapimwe:

Kidonda mdomoni au kwenye ulimi kisichopona.
Doa jeupe au jekundu mdomoni lisilotoka.
Sauti kukwaruza au kukauka, hasa kwa mtu mzima wa miaka 45 kwenda juu, na zaidi kama anavuta sigara.
Uvimbe shingoni usiopungua, hata kama hauumi.
Chakula kukwama au kuuma wakati wa kumeza.
Sikio kuuma upande mmoja wakati sikio lenyewe ni zima.
Pua kuziba upande mmoja au kutoa damu mara kwa mara.
Jino kulegea bila sababu, au meno ya bandia yaliyokuwa yanakaa vizuri sasa hayakai.

Na kuna mambo ambayo hayangoji hata siku moja. Mtu akipumua kwa kukoroma huku yuko macho, akishindwa kumeza hata mate yake, au akitokwa na damu nyingi kinywani, huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, barua au bila barua.

Hapa tuseme jambo ili tusitiane hofu. Siyo kila uvimbe ni saratani. Shingo inaweza kuvimba kwa kifua kikuu cha tezi, na kifua kikuu kinatibika. Inaweza kuwa rovu. Utando mweupe mdomoni unaweza kuwa fangasi. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI anaweza kuvimba tezi, au kupata madoa ya rangi ya zambarau mdomoni ambayo nayo yana tiba yake. Ndiyo maana tunasema apimwe. Bingwa akikwambia siyo saratani, hujapoteza nauli, umenunua usingizi.

Kwa watoto kuna kitu cha peke yake. Mtoto akivimba taya na uvimbe ukakua haraka, meno yakaanza kulegea, msimpeleke kung'olewa meno mkarudi nyumbani. Kuna saratani iliyoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa anafanya kazi hapa hapa Afrika Mashariki, hospitali ya Mulago, Kampala. Imepewa jina lake. Inakua haraka kuliko karibu saratani zote, lakini pia ni mojawapo ya zile zinazosikia dawa vizuri sana. Mtoto wa namna hiyo akiwahi Muhimbili, ana nafasi nzuri ya kupona.

Na ndugu zetu wenye ualbino, tunao hapa hapa mtaani. Kwao ngozi ya uso, midomo, masikio na shingo inashambuliwa na jua. Kidonda kidogo sikioni au mdomoni kisidharauliwe. Kofia pana na nguo ya mikono mirefu ni dawa ya kwanza, pamoja na mafuta ya kukinga jua kama yale yanayotengenezwa KCMC, Moshi.

VINAVYOULETA

Hapa baadhi yenu mtanuna, lakini tutasema. Cha kwanza ni tumbaku. Siyo sigara tu ya akina baba. Ugoro ni tumbaku. Ile ya kutafuna na kuweka chini ya mdomo ni tumbaku. Mama zetu wazima wanaweka ugoro mdomoni miaka 30 na wanasema hawavuti sigara. Mdomo haujui tofauti. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003, lakini sheria haiwezi kuingia kwenye kikunjo cha kanga kutafuta kikopo cha ugoro. Hiyo ni kazi yetu wenyewe.

Cha pili ni pombe, na pombe pamoja na sigara ni mbaya zaidi kuliko kimoja peke yake. Cha tatu ni popoo ya kwenye tambuu. Sisi watu wa pwani tambuu ni heshima, ni harusi, ni mazungumzo. Lakini wataalamu wa dunia wamethibitisha kwamba popoo yenyewe inaleta saratani ya kinywa hata bila kutiwa tumbaku. Hatusemi mvunje desturi zote. Tunasema anayetafuna kila siku ajue anachotafuna.

Cha nne ni virusi. Virusi vya HPV, vile vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, vinahusika pia na baadhi ya saratani za koo. Chanjo yake kwa mabinti zetu ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa ajili ya mlango wa kizazi, na tangu mwaka 2024 ni sindano moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mwenye binti wa umri huo asimfiche siku ya chanjo shuleni.

Lakini msije mkamnyooshea kidole kila mgonjwa kwamba alijitakia. Wapo wanaougua ambao hawajawahi kugusa tumbaku wala pombe. Mwenzetu muuza mihogo hakuwa anavuta wala kunywa.

NJIA YA RUFAA

Watu wengi tunashindwa kwa sababu hatujui mlango upi unafuata mlango upi. Njia yenyewe iko hivi. Unaanza zahanati au kituo cha afya. Hapo unaandikiwa kwenda hospitali ya wilaya, au moja kwa moja hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa mkoa wetu hizo ni Temeke, Amana na Mwananyamala. Ukifika ulizia kliniki ya masikio, pua na koo, au kama tatizo ni la mdomoni, kliniki ya kinywa na meno. Kutoka hapo unapewa rufaa ya Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Muhimbili bingwa atakuangalia, atapitisha kioo au kamera ndogo kooni, na atakata kinyama kidogo kipelekwe maabara. Jamani, kinyama hiki kimezushiwa mengi. Wapo wanaosema ukikatwa saratani inasambaa. Siyo kweli. Bila majibu ya kinyama hakuna daktari anayeweza kujua ni saratani gani na aanze na tiba ipi. Anayekimbia kinyama anakimbia tiba.

Kama majibu yanasema saratani, huenda ukapasuliwa pale, au ukapelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa mionzi na dripu. Ocean Road ni lile jengo la zamani la Wajerumani kule baharini, lililofunguliwa kama hospitali mwaka 1897. Kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996 likawa taasisi inayojitegemea ya saratani. Wagonjwa wanatoka mikoa yote, wanalala gesti, wanapanga vyumba, wanakaa kwa ndugu. Mwaka 2018 taasisi ilipata mashine mpya za kisasa za mionzi. Sisi wa Temeke tunaifikia kwa daladala, na bado wengi wanafika huko wakati ugonjwa umeshakomaa. Mtu wa Kigoma ana sababu ya umbali. Mtu wa Mbagala anakwamishwa na nini?

Barua ya rufaa yenyewe muisome, au mwanao akusomee, kabla hujatoka chumbani kwa daktari. Iwe na jina na umri wako, dalili na tarehe zilipoanza, dawa ulizokwisha kutumia, alichokiona daktari na mahali alipokiona, na namba ya simu. Kama anashuku saratani, aandike hivyo wazi, na aandike kwamba ni ya haraka. Usione haya kumwomba. Mwambie, "Daktari, hiki kina wiki zaidi ya 3, naomba uandike haraka." Siyo ukorofi, ni haki ya mgonjwa. Ukishaipata itoe kopi, na majibu yote yatie kwenye bahasha moja.

Wenzetu wa Uingereza walilifikiria jambo hili zamani. Mwaka 2000 waliweka utaratibu kwamba mtu anayeshukiwa kuwa na saratani aonwe na bingwa ndani ya wiki 2. Mwaka 2023, kule England, wakabadili: tangu siku ya rufaa, ndani ya siku 28 mgonjwa awe ameambiwa anayo au hana. Hatusemi Mbagala ni London. Tunasema kwamba hata wenye hospitali nyingi waliona lazima saa iwekwe ukutani, maana bila saa siku zinaliwa bure. Sisi saa hiyo hatuna ukutani, basi tuishike wenyewe mkononi.

MFANO WA ALIYEWAHI

Tusihuzunike tu. Mume wa mwanakikundi mmoja alikuwa kondakta wa daladala. Kwa kondakta sauti ni mtaji. Ikaanza kukwaruza. Wiki ya kwanza akasema vumbi, ya pili akasema soda baridi. Wiki ya nne mkewe akamwambia, "Baba nanihii, abiria hawakusikii tena, twende." Wakaenda, wakaandikiwa rufaa, na kesho yake alfajiri walikuwa foleni. Bingwa akakuta kitu kidogo kwenye kisanduku cha sauti. Alipigwa mionzi wiki kadhaa. Leo sauti yake ni nzito kidogo, ya kukwaruza, lakini ipo, na anaitumia kutukosoa sisi kila tukipita dukani kwake. Sigara ameacha.

Tofauti ya hawa wawili siyo pesa, wote ni watu wa hali yetu. Mmoja alitazamwa mapema na akaondoka asubuhi yake. Mwingine barua ililala chini ya godoro.

HESABU YA NAULI

Sisi ni watu wa hesabu, basi tupige hesabu. Mionzi ya saratani hizi hupigwa siku 5 kwa wiki, Jumatatu mpaka Ijumaa, na mara nyingi ni wiki 6 mpaka 7. Hizo ni safari 30 mpaka 35. Mgonjwa hawezi kwenda peke yake, koo linauma, amechoka, kwa hiyo kuna msindikizaji. Watu wawili, kwenda na kurudi, ni nauli 4 kwa siku. Mara siku 35, ni nauli 140. Na huku wengi tunapanda gari mbili, hivyo zidisheni wenyewe.

Bado uji, maana huyu mtu hali ugali tena. Bado biashara aliyoifunga. Kwa hiyo wakati mwingine dawa inapatikana, daktari yupo, mashine inafanya kazi, na mgonjwa anaacha tiba wiki ya tatu kwa sababu ya nauli. Mionzi ikikatizwa katikati inapungua nguvu. Ni kama rejesho linaloachwa katikati: deni linabaki na riba inapanda.

MAPENDEKEZO

Kwa hiyo, Ndugu wanachama, sisi viongozi wenu tunaleta mbele ya mkutano mkuu mapendekezo 4 ya kuongezwa kwenye katiba. Tunaomba myajadili na myapigie kura bila kuogopana.

La kwanza: Uwepo mkopo wa rufaa kutoka mfuko wa jamii, usio na riba, utakaotolewa siku hiyo hiyo mwanachama anapoonyesha barua ya rufaa, yake au ya mtu wa nyumbani kwake. Funguo tatu zikutane kwa ajili ya mzima anayetafuta tiba kama zinavyokutana kwa ajili ya msiba.

La pili: Mwenye rufaa asiende peke yake. Tupange zamu ya kusindikiza. Mtu wawili wanasikia maneno ya daktari vizuri kuliko mmoja mwenye hofu.

La tatu: Kila kikao, kabla ya marejesho, liulizwe swali moja: kuna mwenye kidonda, uvimbe au sauti ya wiki 3? Asiyetaka kusema hadharani amnong'oneze Katibu pembeni. Mficha maradhi kifo humuumbua.

La nne: Siri. Habari ya mgonjwa ibaki sandukuni. Atakayeitoa nje apigwe faini kubwa kuliko ya kuchelewa.

Tunajua kuna hoja. Baadhi yenu mmeshatuambia kwamba mfuko utakauka, wajanja wataleta barua za mafua. Hoja hiyo ni ya kweli, hatuibezi. Ndiyo maana tumesema ni mkopo, una rejesho, una kiwango kitakachopangwa na mkutano, na barua lazima iwe ya rufaa. Na kama mfuko utapungua kwa kuwatibu wenzetu, hatuoni ni wapi pengine ulipaswa kwenda.

MAOMBI YETU KWA WAGENI

Kwa wahudumu wa zahanati zetu: tunajua foleni ni ndefu na mko wachache. Tunaomba tochi. Mtu akirudi mara ya pili na kidonda kile kile, mwambieni afunue mdomo, papaseni shingo, na mara ya tatu asipewe vidonge, apewe barua.

Kwa wenye maduka ya dawa: mteja anayenunua dawa ya kusukutua kila wiki, mwambieni aende akapimwe. Mtapoteza mauzo ya chupa moja, mtabaki na mteja.

Kwa Serikali ya Mtaa: mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili msamaha wa matibabu, na asiye na uwezo anapitia kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Barua ya utambulisho ya mtaa ndiyo mlango. Tunaomba mwenye rufaa ya haraka asiambiwe njoo Jumatatu.

Kwa wote: Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Bima siyo uchuro. Mwenye kuweza kujiwekea ajiwekee angali mzima.

Kwa waume zetu: mama akisema anaenda Muhimbili, msimuulize nani atapika.

Ndugu Mgeni Rasmi, tumesema mengi. Baada ya hapa kuna pilau, na akina mama wa jikoni wanatuangalia kwa jicho baya. Tunawashukuru wote mliochanga, mliopika, mliopamba, na mliofika. Tunawashukuru waliotangulia mbele ya haki, maana hisa zao ndizo msingi wa sanduku hili.

Daftari la kura liko mezani kwa Katibu. Kila mwanachama apige yake kabla hajaondoka.

Kikundi oyee!
Afya oyee!